Makumbusho ya Marekani Niliyoyaona Nikiwa Edani

Tulikuwa wanne chumbani, na wa tano alikuwa ndani ya simu. Wa kwanza ni mimi, mwenye eda. Wa pili ni wifi yangu, dada yake marehemu mume wangu, tumbo moja, ambaye alihamia kwangu siku ya mazishi na godoro lake ili anichunge. Wa tatu ni jirani yangu wa mlango wa pili, shoga yangu tangu tunanyonyesha. Asili ya kwao Omani. Babu yake alikuwa na minazi huko Moa, na yeye leo ana duka la viungo tu. Wa nne ni mwanangu wa kiume, kitinda mimba, anakaa Nguvumali na mkewe, na kila Jumamosi alikuja kutuwekea simu kwa sababu sisi tukiishika hukatika. Wa tano ni binti yangu mkubwa. Yeye yuko Filadelfia, Marekani, kazi yake kutunza wazee wa watu. Majina yao yote ninayo, na ya babu zao, na la paka aliyekuwa akilala mlangoni. Lakini wenyewe wote wako hai isipokuwa yule paka, na sikuwaomba ruhusa, basi majina nayaacha mdomoni.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Alishikwa na moyo akiwa kwenye cherehani, na suruali ya mtu ikabaki mguu mmoja. Akazikwa siku ile ile, nami nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, kama sheria yetu inavyosema kwa mjane.

Asiyeijua eda nimweleze. Mjane anakaa ndani. Havai rangi, hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi. Hakutani na wanaume wasio maharimu wake. Na kwetu pwani kuna ya sheria na kuna ya bibi zetu, na wifi yangu alizishika zote mbili. Kioo cha kabati alikifunika kwa kanga, upande wa ndani ukatazama nje. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta wa jirani; hata hilo alilirudisha nusu. Shehe alisema mjane akiwa na haja ya lazima anaweza kutoka mchana. Wifi akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Haja zake zote ninazo mimi hapa." Na kweli alikuwa nazo, alininunulia mpaka mswaki.

Sikulalamika. Mume nilimpenda, na eda ni haki yake. Kilichonibana kilikuwa kingine.

Matanga hayajaanuliwa, nikawasikia watoto wangu. Mwanangu alikuwa ukumbini na simu, dada yake upande wa pili, na baina yangu nao pazia tu. Walikubaliana kwamba mama hawezi kukaa peke yake. Nikitoka eda, siku ile ile nipelekwe kupigwa picha ya pasipoti, karatasi zifuatwe, niende Filadelfia nikakae na binti yangu moja kwa moja. Nyumba itapangishwa. Shangazi atarudi kwake Pangani. Wakapanga vizuri, kwa huruma, hata nguo za baridi wakazitaja. Ila hakuna aliyefunua pazia akaniuliza. Nami nilikuwa mjane wa siku mbili. Nani husimama matangani akapinga?

Basi nikawa nahesabu siku za kutoka huku naziogopa. Mlango wa eda ukifunguliwa, mlango wa gari uko wazi unaningoja.

Makumbusho yalianzia hapo. Binti yangu aliona mama yake lazima aipende nchi kabla hajaifika. Siku yake ya mapumziko ni Jumamosi. Kwake asubuhi, kwetu tumeshaswali magharibi. Akawa anaingia makumbusho na simu mkononi, anatutembeza.

Ya kwanza yalikuwa ya mji wake mwenyewe, Filadelfia. Ndani yake kuna moyo wa mwanadamu, mkubwa kuliko nyumba hii. Una mlango. Unaingia kama damu inavyoingia, unapanda vingazi vyembamba, unapita chumba hiki na hiki, na muda wote unasikia mapigo, du-du, du-du. Binti yangu alikuwa anapanda, anahema, anasema, "Mama, hapa ndipo ulipoziba mshipa wa baba." Wifi alishika ukingo wa kitanda changu. Shoga yangu ndiye aliyesema, taratibu, "Pembamba hivyo. Na yeye alivyokuwa anapenda samli." Tukacheka tukalia. Mtu akienda mji ule, nasema na nimeshasema kwa wengi, asiukose moyo ule.

Jumamosi nyingine alipanda basi mpaka Washington. Huko makumbusho makubwa hayana kiingilio, mlango wazi kwa kila mtu. Tukaona ndege za kila namna zimetundikwa kwa nyaya, na chombo kilichotoka mwezini, kimeungua ubavuni kama sufuria ya wali wa shughuli.

"Waya ukikatika?" akauliza shoga yangu.

"Haukatiki, mama mdogo."

"Wa kwetu wa kuanikia nguo ulikatika na kanga tatu tu."

Hapo akatokea mwanamume mnene, kavaa sare, akainama kwenye simu akatupungia mkono. Wifi alivua kanga yake ya begani akaifunika simu yote.

"Shangazi, mbona giza?" sauti ya binti yangu ikatoka chini ya kanga.

"Kuna mwanamume anamtazama mamako."

"Ni mlinzi, shangazi. Anaitazama simu."

"Na ndani ya simu mna nani?"

Mwanangu akajaribu, "Shangazi, yule yuko Marekani."

"Macho yake yamefika Ngamiani."

Toka siku hiyo ikawa sheria. Binti yangu akiona mwanamume anakaribia, ageuze simu juu mpaka apite. Na Marekani wanaume hawaishi kupita. Tuko kwenye mifupa ya mnyama mkubwa, ghafla dari. Tuko kwenye nyangumi wa Nyuyoki aliyening'inizwa ukumbini, mrefu kuliko msikiti wetu, dari. Dari za makumbusho ya Marekani nazijua kuliko vitu vyenyewe. Nzuri ni ya makumbusho ya sanaa ya Nyuyoki, vioo vitupu, unaona mawingu. Nilikuwa sijaona mawingu mengi kiasi kile tangu nizike mume.

Nyuyoki hiyo hiyo kuna chumba kizima kilichotolewa Sham, nchi ya Siria. Kuta zake za mbao, zimepakwa rangi na dhahabu, maandishi yanazunguka juu, katikati kijichemchemi cha maji, pembeni makochi ya kukaa wageni. Shoga yangu alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo cha simu. "Hiki ni chumba cha watu," akasema. "Baraza ya babu yangu ilikuwa na makochi hivyo hivyo, ila yetu tulikalia." Kwa mbele palikuwa na kamba nene, na watu wamesimama nyuma yake wanatazama.

"Wenyewe wako wapi?" nikauliza.

"Hapakaliwi, mama. Panatazamwa tu."

"Na maji yale nani anayatawadhia?"

"Hakuna, mama."

Wifi akasema, "Chumba kizuri hivyo kimefungwa kamba kama mbuzi."

Yalipita mengine. Siku zilikuwa zimebaki chache tulipokwenda Baltimo. Binti yangu alisema ni makumbusho madogo, nyumba za zamani za watu waliohamia kutoka nchi za mbali kufanya kazi viwandani, zimeachwa zilivyokuwa. Tukaona jiko la chuma, masufuria, kitanda cha watoto wanne. Kisha akaingia chumba cha nyuma. Karibu na dirisha alikaa bibi mmoja wa Kizungu kwenye kiti, kajitanda kitambaa, mikono mapajani, anatazama nje. Alionekana ametuzidi wote umri.

Wifi akakaa vizuri. "Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti, kama mtu anayesemea ng'ambo.

Bibi kimya.

"Mwambie tunamsalimu," wifi akamwambia binti yangu. "Mwambie sisi watu wa Tanga."

"Shangazi…"

"Hata kichwa hatikisi. Adabu gani hii, mtu mzima?"

"Shangazi, ni nta. Sanamu ya nta. Si mtu."

Mwanangu aliinuka akatoka nje kwenda kucheka. Shoga yangu akaanguka kwenye mkeka. Wifi mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Ndiyo maana dirisha liko wazi na hasikii baridi." Nami nilicheka. Lakini nilikuwa bado namtazama yule bibi. Kiti chake kizuri, chumba chake kisafi, watu wanapita mlangoni, wanamtazama, wanakwenda zao.

Nikamwambia binti yangu, "Umenitembeza nchi nzima. Sasa Jumamosi ijayo usiende kokote. Nionyeshe hapo nitakapokaa mimi."

Akasema, "Mama, kwangu ni pa kawaida tu."

"Ndiyo napataka hapo pa kawaida."

Jumamosi ile tulimkuta nyumbani kwake. Ni ghorofa, juu sana, unapanda kwa lifti. Akatuonyesha jiko, safi, na friji. Akatuonyesha chumba: kitanda kimetandikwa shuka mpya, zulia, televisheni, na kiti cha kuegemea kimewekwa karibu na dirisha. Alikuwa amekinunua kwa ajili yangu, kitambaa chake rangi ya hudhurungi. Alikigeuza akatuonyesha kinavyolala.

"Lifungue dirisha nione nje," nikasema.

"Haya hayafunguliwi, mama. Yametengenezwa hivyo. Hewa inatoka kwenye mashine."

Nikamwuliza tena, nikidhani sikusikia vizuri. Halifunguki.

"Mchana nani atakuwepo?"

"Mimi naingia kazini alfajiri, mama, narudi jioni. Siku nyingine zamu mbili. Lakini utakuwa na televisheni, nimeulizia ya Kiswahili. Na Jumamosi tunakwenda makumbusho."

"Majirani?"

"Wapo. Hatujuani sana."

Wifi yangu akaitazama kanga iliyofunika kioo cha kabati langu, akanitazama mimi. Yeye ndiye askari wangu wa miezi yote ile, na yeye ndiye aliyesema, "Eda ya hapa ina siku ya kutoka."

Kisha akamkataza mwanangu asiniulize neno lolote. Mwenye eda, akasema, habanwi jibu.

Siku niliyotoka nayo ilikuwa Jumamosi. Alfajiri wifi na shoga yangu waliniogesha, wakanivisha gauni la kijani, wakanipaka hina kiganjani kidogo, udi ukafukizwa mpaka jirani akakohoa. Wifi akavuta kanga kwenye kioo kwa mkono wake. Nikamwona bibi mmoja kizee humo ndani, nikamsalimu kwa moyo.

Mwanangu alikuwa mlangoni na gari ya rafiki yake. "Twende mama, mpiga picha anafungua mapema."

"Siendi," nikasema.

"Leo hujisikii?"

"Leo wala kesho. Nikienda nitakwenda kutembea na kurudi. Kukaa, siendi."

"Nitamwambia nini dada?"

"Nitamwambia mwenyewe. Wewe nipishe mlango."

Nikatembea. Miguu ilikuwa imesahau. Nilifika sokoni nikanunua bilimbi ambazo sikuwa na haja nazo, nikasimama tu, watu wananipa pole na pongezi kwa pamoja, nikarudi.

Baada ya magharibi simu ikaita. Nikamwambia. Nilimwambia taratibu, nikamshukuru kwa kiti, nikamwambia kosa si lake wala la nchi ya watu. Alikuwa anaitika, "Ndiyo mama, ndiyo mama." Kisha picha ikapinduka tukaona dari. Dari nyeupe, ya chumba chake.

Wifi akauliza, "Kuna mwanamume?"

"Hapana, shangazi."

Halafu sauti yake ikasema, "Na mimi nitakaa na nani, mama?"

Akatuambia yote huku dari iko palepale, na hapo ndipo nilipojua. Mtoto huyu hakuja matangani kwa baba yake kwa sababu karatasi zake hazijakaa sawa. Akitoka nchi ile, kurudi hapati. Huko makumbusho alikuwa anakwenda peke yake miaka, kabla hata ya eda yangu, kwa sababu kuna joto, kuna watu, na siku nyingine hakuna kiingilio. Kile kiti alikuwa anakikalia yeye. Mimi nimetoka eda yangu, yeye bado yumo ndani ya yake, na siku zake hazijulikani.



Basi Jumamosi sitoki. Watu wananialika harusi, hitima, wanasema mama umeshatoka eda siku nyingi, nami nasema Jumamosi jioni nina pa kwenda. Simu inaita, tunakaa. Siku hizi binti yangu hatembei sana. Anatafuta benchi mbele ya picha moja, anaiegemeza simu, anakula chakula chake, nasi tunakula chetu. Dari hatuonyeshwi tena. Wanaume wakipita, wifi huwasalimu.

Nimeandika kama ninavyokumbuka. Wifi anasema si yeye aliyemsalimu yule bibi wa nta, ni mimi. Shoga yangu anasema nyumba ile haikuwa Baltimo, na kwamba chombo cha mwezini tulikiona kabla ya moyo. Mwanangu anasema hakucheka. Aliyekuwepo akiona nimekosea, na wewe binti yangu huko uliko ukisomewa haya ukiona nimekusemea usilolisema, nisahihisheni.