Nilivyomshuku mwamu wangu kwa sababu ya fish finder ya bei nafuu

Assalamu alaykum wakuu, na wenye salamu nyingine, hamjambo nyote.

Kuna mwenzetu juzi aliuliza humu fish finder gani, ile mashine ya kuonyesha samaki na kina cha maji, ya bei nafuu inafaa boti ndogo. Nilianza kumjibu mistari miwili, nikaona haitatosha. Bora nisimulie yaliyonipata mwenyewe Mombasa, miaka ya tisini.

Chumvi sitii. Pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina nimebadilisha, maana wengine wako hai na wajukuu wao huenda wanasoma humu.

Siku hizo nilikuwa karani wa ghala Mbaraki, nyumbani kwangu Kibokoni. Mimi na mwamu wangu Salim, yaani kaka mkubwa wa mke wangu, tulikuwa na boti ya fiber ya futi kumi na saba, injini moja ya nyuma.

Salim ndiye nahodha. Mimi nilikuwa mtu wa Jumamosi na Jumapili, wa kushika ndoo na kusikiliza amri.

Na Salim hakuwa mtu wa vyombo vya umeme. Alijua wapi pana mwamba wenye samaki kwa kutazama nchi kavu tu. Jengo hili likikaa nyuma ya mnazi ule, tupa nanga. Hakosei.

Sasa mwaka huo akaanza: tununue fish finder. Kila tukikutana, fish finder.

Nikamuuliza, "Mwamu, miaka yote hii hukuitaka. Leo imekuwaje?"

Akasema, "Dunia yaenda mbele, Hamisi. Wataka sisi tubaki nyuma?"

Jibu hilo halikuniingia. Lakini nikanyamaza, kwa sababu ni mkubwa wangu.

Mbaraki nilimjua fundi mmoja wa injini, Katana, Mgiriama mpole, maneno yake machache. Alikuwa na fish finder ndogo iliyotolewa kwenye boti ya Mzungu aliyehama. Imechakaa nje, lakini ilikuwa na kitabu chake na transducer yake yenyewe. Transducer, kwa wasiojua, ni kile kidude kinachokaa chini ya boti kutuma sauti majini na kupokea mwangwi wake. Hicho ndicho sikio la mashine. Skrini ni uso tu.

Nikampeleka Salim. Akaishika, akaigeuza juani, akaisogeza karibu na uso, akaiweka.

"Hii haifai."

Katana akamuuliza kasoro iko wapi. Salim akasema haifai tu, akatoka nje. Niliona haya mbele ya yule fundi.

Wiki ile ile Salim akaniambia amepata nyingine Makupa, kwenye duka la vipuri. Skrini kubwa, na bei ni ile ile ya Katana. Alikwenda peke yake, siku ambayo mimi niko kazini.

"Nshaijaribu," akasema. "Yasoma vizuri mno. Samaki wapita kama wako sokoni."

Hapo wakuu ndipo shaka iliponikaa kifuani. Skrini kubwa kwa bei ya ndogo? Na kwa nini aende bila mimi? Nikajisemea, huyu na mwenye duka wana lao. Yuko mtu anayekula kati.

Nikatoa sehemu yangu ya bei hata hivyo. Mke wangu Mwanaisha aliniona nimenuna, akaniuliza kuna nini. Nikasema hakuna kitu. Ningemwambiaje kuwa namshuku kaka yake?

Jumamosi asubuhi tukaifunga, tukatoka. Kweli skrini ilikuwa kubwa, na kweli ilijaa samaki. Vile vialama vyao vya upinde vilipita mfululizo. Pembeni ikaandika futi arobaini na mbili, mara arobaini, mara arobaini na tatu.

Tukatupa mishipi. Hakuna kitu. Tukahama. Samaki wamejaa skrini, ndoo tupu. Tulipata changu wawili asubuhi nzima, na nina hakika hao walikuja kwa bahati yao mbaya.

Nilikuwa namtazama Salim kuliko nilivyotazama bahari. Yeye hakuitazama mashine hata kidogo. Kila mara ananiuliza mimi, "Yasemaje?"

Nikaona ni ujanja. Anataka mimi ndiye niisifu.

Wakati wa kurudi tukapita karibu na mwamba. Mashine ikasema futi arobaini. Nikachungulia chini nikaona mawe na majani ya bahari wazi kabisa, kama yamepangwa kwenye sinia.

"Mwamu, mwamba huo, kata kulia."

"Wapi?"

Alikuwa ameuelekea uso kwa uso. Mwamba ule anaujua tangu utoto, na bado ananiuliza wapi. Propela ikapiga jiwe, pini yake ikakatika, injini ikawa inapiga kelele bure. Mkondo ulianza kutusukuma kwenye mawe. Tulishika makafi mawili, tukapiga mpaka viganja vikachubuka. Boti ilikwaruzika upande mmoja lakini haikutoboka.

Tulipofika maji salama tukatia pini ya akiba, tukarudi.

Alasiri nikaipeleka mashine nyumbani pamoja na betri. Nikajaza maji kwenye karai la Mwanaisha, nikatumbukiza transducer, nikawasha.

Futi arobaini na mbili. Samaki tele.

Mwanaisha akainama, akatazama. "Hao samaki wako ndani ya karai langu?"

Nyongeza kidogo hapa. Hata mashine nzima haisomi sawasawa kwenye karai, maji ni machache mno. Kwa hivyo hilo peke yake halikunitosha. Nikaitoa transducer majini, nikaiweka sakafuni. Samaki wakapita. Nikachomoa waya wake kabisa nyuma ya mashine. Samaki wakapita.

Ndipo nikaona, pembeni chini, neno dogo la Kiingereza: Simulator.

Yaani ile mashine ilikuwa ikicheza maonyesho ya dukani. Samaki wote wale ni picha.

Nikaona nimemkamata mtu. Mtu aliyeijaribu kama anavyodai hakosi kuliona neno lile, na Salim Kiingereza anakijua kunizidi. Nikatuma aitwe.

Alikuja baada ya magharibi, akakaa mkekani. Maneno makali nilikuwa nayo tayari. Lakini nilitaka ajifunge mwenyewe kwanza.

"Mwamu, hebu nisomee hapa pembeni pameandikwaje."

Akaisogeza. Akageuza kichwa upande, vile kuku anavyotazama punje.

"Hapa ni kina cha maji," akasema.

"Futi ngapi?"

Akakawia. "Thelathini."

Nilifungua kinywa nimwambie muongo. Mwanaisha akanishika mkono.

"Kaka," akasema, "mimi waniona?"

Salim akaweka mashine chini polepole.

"Nakuona kama umo ndani ya chandarua."

Mwanaisha akamuuliza tangu lini. Akasema tangu Ramadhani iliyopita, na kila mwezi chandarua chazidi kuwa kizito. Yale majengo na minazi hakuyaona tena, ndiyo maana akaitaka mashine. Mashine ya Katana aliikataa kwa sababu herufi zake hakuziona hata moja. Na kule Makupa mwenye duka alimweleza huku akionyesha kwa kidole, naye akawa anaitikia tu.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nahodha asiyeona, Hamisi, nani atapanda chombo chake? Wewe ungepanda?"

Nilikuwa nimepanda asubuhi ile ile, naye nusura atuue, na mimi muda wote nilikuwa namtafutia wizi.

Sikumwambia siku hiyo nilichokuwa nikimdhania. Nilimwambia baada ya miaka, akacheka. Mimi sikucheka.

Tuliirudisha Makupa. Mwenye duka alituzimia ile simulator, mashine ikabaki na mistari mitupu. Ikaonekana transducer ilikuwa ya mashine nyingine kabisa, hazisikilizani. Akasema hata yeye hakujua, akaturudishia pesa zetu bila ubishi. Wepesi ule haukunipendeza, lakini sina ushahidi mpaka leo, kwa hivyo namwachia Mungu.

Tukarudi kwa Katana. Nikamwomba radhi. Mara hii tulijaribu mashine majini, ubavuni mwa boti, huku Salim akipima kwa bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina. Alihesabu mafundo ya kamba kwa vidole, bila kuhitaji macho. Kamba na mashine zikakubaliana, tukaichukua.

Daktari alisema ni mtoto wa jicho, hufanyiwa upasuaji. Mpaka siku yake ilipofika mimi ndiye niliyekuwa nikishika usukani na kusoma namba kwa sauti, naye akiniongoza kwa kumbukumbu.

Kwa aliyeuliza: nunua ndogo yenye transducer yake na kitabu chake. Hakikisha haiko kwenye simulator. Chomoa waya uone kama samaki bado wapo. Ijaribu majini kwa kamba kabla ya kutoa chochote. Na mwenzako akianza kutaka kitu ambacho hajawahi kukitaka maisha yake yote, muulize tena kwa upole, usikimbilie kumhesabia dhambi.

Siku waliyomfungua bandeji nilikuwa nimesimama mlangoni na Mwanaisha. Alimtazama dadake kwanza, akatabasamu. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya.

"Kumbe umezeeka, Hamisi," akasema, "nami sikuambiwa."

Ndiyo hayo wakuu. Wenye boti nitajieni mashine mlizonazo na kama zimewahi kuwadanganya. Na kama yuko aliyewahi kumshuku mtu wake wa nyumbani bure, naye asione haya, aseme.