Chaneli ya Ngoma Kuu

Jumamosi ile sikutulia. Nilianza kuchagua maharage nikayaacha, nikafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikarudi tena chumbani kwa mjukuu wangu wa kike, anayefundisha kwaya ya kigango chetu hapa Mpimbwe. Kesho yake ilikuwa Misa ya shukrani ya mavuno, na wimbo wa matoleo ulikuwa ndani ya kompyuta yake.

Wimbo ule ni wetu akina mama wa zamani. Ngoma ndogo zinatangulia, ngoma kuu inakaa kimya mpaka mpunga wa kwanza ufike mlangoni. Ikilia ndiyo tunaingia. Isipolia tunasimama pale pale, nyungo kichwani, hata jua lituchome. Wapigaji wote wamekwisha kufa. Kwa hiyo mjukuu alinikalisha kwenye kinanda, nikazipiga ngoma zao mimi kwa kidole, moja baada ya nyingine.

Kwenye kioo cha kompyuta kinanda kinaonekana kitu kimoja tu. Kumbe ndani kina sauti nyingi, na kila sauti ina njia yake. Wenyewe wanaiita chaneli. Ukibonyeza mshale mdogo, chaneli zinashuka chini yake kama vifaranga nyuma ya kuku. Kusoma nasoma kwa shida, lakini majina ya watu hayanipotei, na kila chaneli niliipa jina la mama aliyekuwa anapiga ngoma ile.

Siku hiyo mmoja sikumwona, yule wa ngoma kuu.

Mjukuu akasema nisihangaike, ameiambia kompyuta ionyeshe chaneli zenye kitu tu, zilizo tupu zijifiche, maana zikijaa kioo zinamchanganya. Nikamwuliza, basi ngoma kuu ni tupu? Akaucheza wimbo, akaukata katikati kama kawaida yake. Nikamwomba aufikishe mwisho. Ulipofika pale pa kuingia na mpunga, kimya.

Akashika kichwa. Juzi alipokuwa anasafisha, aliona chaneli ile mwanzo mpaka kati haina alama hata moja. Akadhani imebaki bure, akaifuta.

"Bibi, kaa upige tena. Ni kazi ndogo."

"Mpunga uko wapi, mke mwenza? Ngoma kuu haipigwi mbele ya meza tupu."

Wa kwetu ulikuwa umeshapelekwa kigangoni. Nikaenda kwa jirani yetu Msukuma kuomba bakuli moja la mpunga mpya. Akanitania kwamba Wapimbwe siku hizi tunaomba mpunga kwa wafuga ng'ombe. Nikamwambia basi aongeze na maziwa. Nikarudi mbio, mbio za miguu yangu hii, maana umeme nao ulikuwa unakatika-katika.

Tukaliweka bakuli mbele ya kinanda, nikapiga. Kidole kilichelewa kidogo. Chaneli ikajitokeza kwenye kioo, ina alama kule mwishoni tu. Mjukuu akasema sasa haitajificha, ina kitu. Sikumwamini, nilimfanya aurudie wimbo mpaka akachoka na mimi.

Jumapili nilisimama mlangoni, ungo kichwani, nikizifuata ngoma ndogo kwa midomo. Zikaisha. Nikasikia moyo wangu peke yake. Kisha ngoma kuu ikalia kwenye spika, imechelewa kidogo, kama kidole changu kilivyochelewa.

Mwenzangu wa nyuma akanisukuma kwa goti.

"Ingia, mama. Shingo zinatuuma."

Nikaingia.