Yeshimebet Asiyejua Kuoka

Kwa mujibu wa Waraka Namba Saba wa uongozi, uliobandikwa ukutani kwa gundi isiyobanduka, kuanzia mwaka mpya hakuna mfanyakazi atakayehesabiwa kuwa anaijua kazi yake mpaka kishikwambi cha mafunzo kishuhudie hivyo. Nani alikishuhudia kishikwambi chenyewe, Waraka haukusema.

Yeshimebet alikuwa na miaka ishirini na miwili mbele ya mitad, vile vikaango vipana vya kuokea injera, mkate mpana wa chachu. Kumi ya mwisho aliongoza safu ya pili katika kiwanda cha Bishoftu, na injera zake zilipanda ndege kwenda kwa Wahabeshi waliotapakaa duniani, ambao hupiga simu kulalamika macho ya injera, yale matundu madogo, yakipungua. Mashine haikuwa adui yake. Alikiegemeza kishikwambi kwenye gunia la teff, nafaka ya injera, akasikiliza masomo yote kumi na mawili, akajibu maswali, kioo kikampigia makofi. Ilikuwa tarehe tatu Pagume, siku ambayo mvua ni ya baraka, na watoto walikuwa nje wakijilowesha. Waokaji wenzake kumi na saba walifanya mtihani siku hizohizo. Hamle na Nehasse, miezi miwili iliyotangulia, hawakupata nafasi ya kujifunza kazi, walikuwa wakiifanya.

Meskerem, mwezi wa mwaka mpya, ilipoingia, orodha ikatoka. Waliofuzu walikuwa mhasibu, madereva, watu wa ofisini, na Lemma, mlinzi wa lango, kwa asilimia tisini na sita. Mwokaji hakuwemo hata mmoja. Chombo kilitengenezwa na watu wenye miezi kumi na miwili, na Pagume, mwezi wa kumi na tatu wenye siku zake tano, hakikuwa na pa kuuandika.

“Rudieni tu, Etete,” alisema Gizachew, afisa mafunzo, akimwita Yeshimebet kwa heshima. “Mpaka hapo mtavaa aproni za njano, za wanagenzi.”

“Nirudie nini?”

“Mtihani.”

“Nimeufaulu. Aliyefeli ni huyo asiyejua miezi. Mrudishe yeye darasani.”

“Mama yangu, mfumo hauna Pagume.”

“Mimi ninayo. Kitindamimba wangu nilimzaa Pagume. Nikamwambie hajazaliwa?”

Gizachew akakuna kichwa. “Basi nawaandikia tarehe mosi Meskerem, yaishe.”

“Meskerem mosi kiwanda kilifungwa. Nilikuwa kwangu nanyonyoa kuku. Wataka nidanganye mashine?”

Akajifunga aproni ya njano mwenyewe, akaipiga fundo zuri, akaenda kuketi kwenye benchi la wanagenzi. Wale kumi na saba wakamfuata. Mitad zikabaki zinatoa moshi. Waraka ulisema mwanagenzi asiguse mitad mpaka aliyefuzu amwoneshe kwanza.

“Twasubiri mwalimu,” alisema Yeshimebet. “Lemma yuko wapi? Si ana tisini na sita?”

Lemma akaletwa kutoka langoni, rungu mkononi.

“Jamani, mimi nilibonyeza tu!”

“Haya, bonyeza na hii,” Yeshimebet akampa jagi la uji wa teff. “Anzia ukingoni, zungusha uje kati. Aa, samahani, mwalimu ni wewe.”

Lemma akamimina. Kilichotoka hakikuwa na jicho hata moja, na kilikuwa na pembe nne.

“Ramani hiyo,” alisema Birke, jirani wa Yeshimebet kwenye mitad. “Ya nchi gani, mwalimu?”

“Ya kwenu,” Lemma alijibu, akaomba arudi langoni.

Saa sita maboksi yalikuwa matupu, na ndege ilikuwa ya saa kumi na mbili. Meneja akampigia Gizachew simu, hakuongea muda mrefu. Gizachew akaandika wote kumi na wanane kuwa walifuzu Meskerem mosi. Kumi na saba wakavua aproni. Walikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyewalaumu. Yeshimebet alibaki kwenye benchi.

“Nifute hapo. Ni tatu Pagume, au usiniandike kabisa.”

“Nikikufuta utabaki mwanagenzi, Etete. Kwenye kumbukumbu, milele.”

“Futa.”

Gizachew akatazama saa ya ukutani, akafuta. “Haya, inuka basi, uoke. Lemma alishakuonesha.”

Akainuka, akaongoza safu yake. Ndege haikuchelewa.

Huu ni mwaka wa tatu. Waraka haujabanduka, na kishikwambi kingali kinashuhudia kwamba Lemma anajua kuoka na Yeshimebet hajui. Mwokaji mpya akiajiriwa, humaliza masomo kumi na mawili, hupigiwa makofi, kisha hupelekwa miezi mitatu chini ya mwanagenzi Yeshimebet.