Mapazia ya Nyumba Tupu

Majirani walimwita Mzee Mikakati, naye kwa muda mrefu alidhani ni sifa. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, bingwa wa mapazia, na kwa hisani yake mwenyewe alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kufufua mtaa, kamati iliyoenea kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Kiwanda cha nguo kilipofungwa, watu walihama familia baada ya familia, wakamwachia yeye funguo. "Ukipata mpangaji, mpe," walimwambia. Duka likafuata, na njia za watu zikaota magugu.

Lililomkosesha raha ni kauli ya mkewe. "Baba Watoto, mimi siwezi kupiga soga na kuta. Nyumba ya pili hapa ubavuni isipopata mtu mpaka mvua ziishe, nahamia kwa binti yetu." Mama yule hakuwa mtu wa kutishia nyau, na Mzee bila yeye hakujua hata chumvi inakaa wapi.

Basi akaibuka na mpango. Mgeni akiona madirisha matupu anakimbia, aliiambia kamati. Kwa hiyo kila nyumba tupu ivalishwe mapazia, uwanja ufagiliwe, viatu vikuukuu viachwe mlangoni. Seremala, mjumbe mwenzake, akauliza kama huko si kumpaka marehemu poda. Akapuuzwa. Mzee alishona mpaka mgongo ukamlilia, na kazi ilipokwisha akawa anapita mtaani mikono nyuma, akikagua. Siku moja alijikuta ametoa salamu dirishani, na akakasirika kidogo kwamba hakuitikiwa.

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha mume na mke wageni walipomkuta getini, mke amembeba mtoto mchanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu."

"Tunatafuta nyumba ya kupanga," mume alisema. "Huku kuna yoyote iliyo tupu?"

Mwenye akili timamu angetoa funguo. Mzee alisikia tusi. Nyumba tupu, kwenye mtaa wake, baada ya kushona kote kule?

"Tupu? Kwani hamna macho?" Akajipiga kifua. "Mtaa huu umejaa pomoni!"

Wakashukuru, wakaenda zao. Alibaki akitabasamu kama bwana harusi, mpaka alipogeuka akamwona mkewe kibarazani na ufagio mkononi. Mke aliuweka ufagio chini. Aliingia ndani, na punde Mzee akasikia sanduku likiburutwa kutoka uvunguni.

Hapo akili ikamrudia, imechelewa kama kawaida yake. Alitimua mbio, funguo zikilia mfukoni, ndala moja ikabaki njiani. Aliwapata wanakaribia barabara kuu.

"Wanangu, nimewadanganya," alihema. "Zote tupu! Mapazia ni yangu!"

Wakatazamana.

"Kumbe!" alisema yule mama. "Baba, hii si mara yetu ya kwanza kuja. Tunabisha hodi nyumba baada ya nyumba. Viatu tunaviona, pazia linacheza, lakini hakuna anayefungua. Tukasema watu wa hapa wana roho mbaya."

Kumbe muda wote ule Mzee alikuwa akiwafukuza wageni yeye mwenyewe, tena kwa pindo zilizonyooka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

Aliwarudisha, akafungua nyumba ya pili, akaling'oa pazia la sebuleni kwa hasira. Mwangaza ukaingia. Alitaka kumwita mkewe, akasita. Aliogopa kwamba ameshaondoka.

"Hodi humu!" Mkewe alikuwa mlangoni, amevaa nguo za safari. Alimpita mumewe kama anayepita nguzo, akamnyooshea mikono yule mama. "Mwanangu, nipe mtoto huyo nikupokee. Umechoka, njoo kwangu unywe japo chai."

Wakatoka wakiongea kama watu waliojuana tangu utotoni. Mzee akageukia ukutani, akajifanya anakagua nyufa, kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka na hakutaka mpangaji wake amwone.