Malewa Yaliyozuiwa Getini

Siku yangu ya kwanza jikoni sikupewa kisu wala mwiko. Nilipewa kazi ya kupanga vikapu vya watu stoo. Vita vilikuwa vimepita, na ile hoteli ya Jinja yenye bembea na boti za watoto ukingoni mwa Nile ilikuwa imefunguliwa upya. Meneja aliweka sheria: chakula cha nje kisipite getini. Mgeni anunue chetu, la sivyo jiko lifungwe na sisi sote turudi makwetu.

Chetu chenyewe, vijana, nisiwadanganye, kilikuwa balaa. Maharage yalishinda kwenye sinia la maji moto, lile la kutunzia joto, mpaka yakawa uji. Kwa bei yake ungepata kuku mzima kule sokoni Mafubira. Mpishi Mkuu, mzee wa Kinubi mwenye ulimi mkali, alizoea kuninong'oneza, "Mgeni nalipia bembea. Maharage tunamuongeza kama adhabu."

Jumapili moja Afande wa getini, mwanajeshi mstaafu, alileta kikapu cha mama mmoja wa Busiu, kijiji cha upande wa Mbale. Ndani mlikuwa na malewa, machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Harufu ilifika hadi ofisini. Nilipoingia stoo kuchukua chumvi, nikamkuta Meneja, mtu wa Mbale, amechuchumaa anakula kwa mkono. Mara mwenye kikapu akaingia na watoto wake nyuma yangu.

"Bwana, watoto yangu iko na njaa, na wewe nakula chakula yao?"

Meneja hakujitetea. "Pole, mama. Imenishinda."

"Ya mwisho ulikula lini?"

"Mbele ya vita. Mama yangu alipika."

"Yeye iko wapi?"

"Vita ilimchukua."

Mama yule akaketi juu ya gunia la unga, akavuta kikapu, akaanza kugawa.

Sheria ilikufa jioni ileile. Jiko halikufungwa. Watu walikuja na vikapu vyao, wakanunua chai na mandazi ya moto, nasi tukajifunza kupika malewa. Baadaye nilihamishiwa Mbale, nikawa mpishi mkuu, nikastaafu.

Wajukuu zangu hulalamikia bei za sehemu za starehe, na huniuliza chakula kizuri kiuzwe kiasi gani. Sijui. Ninachojua ni kwamba yule mama, watoto wake wamesimama na njaa, alimpakulia kwanza mtu aliyewanyang'anya.