Jina la Mama Shadi

Kwa miaka ishirini na ushei, kazi nzuri kuliko zote zilizotundikwa dukani kwa fundi Mahrus, Usta Mahrus kama alivyoitwa, katika mtaa wa washona mahema kusini ya lango la Zuweila, hazikushonwa na Usta Mahrus. Zilishonwa na mkewe, nyumbani, baina ya sufuria ya maharage na beseni la nguo chafu. Maua ya yungiyungi, ndege wawili wawili, nyota zilizofumana mpaka jicho likapotea ndani yake: vyote vilikatwa vitambaani kwa mkasi wake na kubandikwa juu ya turubai kwa sindano yake. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulinyamaza vilevile, maana wengi wao majumbani kwao mambo yalikuwa yayo hayo, na mwanamume wa Kairo hataji jina la mkewe sokoni. Ikimbidi kumtaja, husema “watu wa nyumbani”, kama kwamba ameoa umati.

Yeye mwenyewe aliitwa Mama Shadi, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina alilopewa na babake, Inshirah, lilibaki kwenye kitambulisho na kinywani mwa dada yake aliyeolewa Tanta.

Kisha ugonjwa wa sukari ukamharibu Usta Mahrus macho. Alianza kwa kukosea rangi, kijani akakidhania buluu. Akaishia kujidunga vidole hata vikavimba. Ndugu yake Bayumi, mwenye duka ng'ambo ya pili ya njia, alikuja kumpa pole huku jicho lake moja likiwa kwenye funguo zilizoning'inia msumarini. Asubuhi yake, Bayumi alipofika kufungua kwake, alikuta duka la nduguye li wazi, na Mama Shadi kaketi juu ya baraza la mbao, miguu kaikunja, kitambaa magotini, kastabini kidoleni, kama usta yeyote wa mtaani.

“Shemeji, subhana'Llah! Umekaa kama mwanamume!”

“Ulitaka nikae kama nini, Bayumi? Kama kuku? Kazi hii haishonwi kwa kusimama.”

“Watu wanatazama.”

“Si ndiyo maana ya kufungua duka?”

Wiki za mwanzo wanaume walipita wakiangalia dari. Muuza taamiya, zile bajia za maharage, peke yake ndiye aliyemsalimia kwa sauti, na huyo humsalimia kila mtu, hata paka. Mama Shadi hakujali. Alishona. Jioni alifunga mlango kwa komeo, akarudi nyumbani kupika.

Bayumi hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mvivu wa sindano. Dukani kwake siku hizo mlijaa vitambaa vya kupigwa chapa kiwandani, vyenye michoro ya mahema isiyowahi kuguswa na uzi. Vichache vya mkono alivyokuwa navyo, navyo vilitoka jikoni kwa Mama Shadi. Wateja wake aliletewa na Raufu, mwongoza watalii mwenye mwavuli mwekundu na maneno matamu, aliyechota kamisheni kwa kila kilichonunuliwa.

Siku moja Raufu alileta kundi lake kama kawaida. Bibi mmoja wa kizungu, nywele nyeupe pe, akajitenga na wenzake. Akavuka njia, akasimama mbele ya kitambaa kikubwa cha ndege na yungiyungi dukani kwa Mama Shadi. Akakipapasa taratibu, kama mtu apapasavyo shavu la mtoto. Raufu akamkimbilia, akaanza hadithi yake, mikono ikipepea. Akamwita Bayumi. Bayumi akaja, akakichukua kitambaa kutoka ukutani, akakiinua kifuani, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mkono moyoni. Bibi akapiga picha. Wenzake wakaja, nao wakapiga.

Mama Shadi hakujua lugha yao. Hakuwa na haja ya kuijua.

Aliteremka barazani bila kuvaa viatu, akakivuta kitambaa kutoka mikononi mwa shemejiye.

“Hiki chako?”

“Shemeji, maneno ya biashara tu haya. Acha nikuuzie.”

“Nakuuliza, hiki chako?” Akamgeukia yule bibi, akajipiga kifua kwa kiganja. “Mimi! Mimi ndiye. Inshirah!”

Yule bibi akamtazama yeye, akamtazama Bayumi, kisha akamtazama Raufu apate kuambiwa. Raufu akatabasamu meno yote, lakini alinong'ona kwa Kiarabu, “Mama, unanivunjia riziki. Wageni hawa wanataka fundi mzee, wa baba na babu. Nani atanunua kazi ya mama wa jikoni?”

“Mwulize.”

“Nimuulize nini?”

“Anataka kazi au anataka masharubu? Mwulize!”

Raufu hakuuliza. Aliinua mwavuli wake, akasema na wageni maneno mawili matatu, kundi likasogea. Bibi wa nywele nyeupe aligeuka mara kadhaa, lakini alivutwa na wenzake. Kitambaa hakikuuzwa. Kwenye kona Raufu akageuka. “Dukani kwako sitaleta mtalii tena, wala wenzangu hawataleta!”

“Na mguu wako usilete,” akajibu Mama Shadi.

Alirudi barazani, akachukua sindano. Uzi ulimshinda kuutia tunduni. Hasira, na hofu pia, maana dawa za mumewe hazinunuliwi kwa majibu makali. Lakini alipokitandika kile kitambaa magotini akaona kona yake ya chini i tupu, alichukua kipande cha manjano, akakata herufi za jina lake kwa Kiarabu. Alizibandika moja moja, mshono mdogo usioonekana. Herufi ya shin ndiyo iliyomsumbua, na vidoti vyake vitatu vidogo kama punje za ufuta. Alipomaliza alikitundika mahali pa wazi kabisa, jina likiielekea njia.

Muuza taamiya akasoma kwa sauti, mwiko mkononi. “In-shi-rah! Huyu naye nani?”

“Ndiye mimi.”

“Wallahi? Miaka yote hii nadhani unaitwa Mama Shadi tangu kuzaliwa!”

Watu wakacheka. Bayumi hakucheka. Alivuka njia, uso umemwiva.

“Litoe.”

“Silitoi.”

“Jina la mke wa ndugu yangu linaning'inia barabarani kama nyama buchani! Na mito ya kukalia unayoshona, je? Utaandika na kwenye mito? Mzungu alikalie jina la shemeji yangu?”

“Alikalie. Wewe umelikalia miaka ishirini na halikufa.”

Ijumaa baada ya swala, Bayumi alimwendea nduguye nyumbani akiwa na wazee wawili wa mtaa. Mama Shadi aliwaandalia chai, akaweka na sahani ya basbusa. Badala ya kurudi jikoni akavuta kiti, akaketi nao. Wazee wakazunguka mbuyu: heshima ya familia, mila, vinywa vya watu.

“Na Shadi akisikia huko Hurghada?” akasema Bayumi. “Kijana ana wenzake kazini.”

“Shadi analijua jina la mamake,” alisema mama mtu. “Limo kwenye cheti chake cha kuzaliwa.”

“Sisemi nawe, nasema na mumeo! Mahrus, mkanye mkeo.”

Usta Mahrus alinyosha mkono. “Nipeni hicho kitambaa.”

Mama Shadi alikuwa amerudi nacho nyumbani, akampa. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, akapitisha ncha za vidole, akaipata kona, akazifuata zile herufi moja baada ya nyingine. Akafika kwenye vidoti vitatu, akakawia hapo.

“Mimi sikuwahi kukunja kona kali namna hii,” alisema, “hata nilipokuwa na macho yangu. Na sifa nimezila. Nimezila mpaka nimeshiba. Wazee, kunyweni chai, inapoa.”

Wakanywa, wakaaga. Walipoondoka, Usta Mahrus aliuliza kwa upole, “Lakini kwenye mito nako ni lazima?”

“Lazima.”

“Basi mimi nitakalia kiti kitupu.”

Inshirah alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa shela.

Raufu alitimiza neno lake. Msimu wote wa baridi makundi yalipita upande wa pili wa njia, na kila ulipofika penye duka lile mwavuli mwekundu uliongeza mwendo. Kuna siku Inshirah hakuuza hata mfuko wa kutilia miwani. Aliuza bangili yake moja, akanunua dawa na turubai. Bayumi alimpelekea ujumbe kwamba milango ya suluhu i wazi, litolewe tu jina. Akamrudishia ujumbe kwamba milango yake pia i wazi, toka asubuhi hadi magharibi, aje anunue.

Waliomwokoa ni watu wa mji wenyewe. Ramadhani ilipokaribia walianza kuja akina mama wa mitaa ya Shubra na Sayyida Zainabu, wakitafuta vitambaa vya meza na mito ya sebuleni, na wengine walikuja kumwona tu huyo mwanamke aliyekunja miguu barazani. Wakaja pia waliokuwa wakishona majumbani. Karima, mke wa fundi wa mtaa uleule, alikuja na kazi yake ndani ya mfuko wa mkate, akaomba iuzwe pale.

“Nikushonee na jina lako?”

“Ee, uniue? Wanangu watanitoa roho. Nishonee ndege tu pale kona.”

“Ndege gani?”

Karima akafikiri. “Mwenye mdomo wazi.”

Mwaka ulipozunguka, Raufu alikuja peke yake asubuhi, mwavuli kwapani. Alisema wageni hotelini wanaulizia duka la mwanamke. Picha zimesambaa, haelewi vipi. Yuko tayari kusahau ya nyuma. Kamisheni ya kawaida, au hata nusu yake, kwa kuwa ni yeye.

“Walete, na uwaambie ukweli,” alisema Inshirah bila kuweka sindano chini. “Chai utapata, sukari utajitilia mwenyewe. Kamisheni hakuna.”

“Kichwa chako kigumu kuliko lango la Zuweila!”

“Na lango limesimama.”

Kabla Raufu hajaondoka, mteja mnene wa Shubra akamsukuma kando kwa kiwiko, akashika mto mwekundu wenye nyota. Binti yake anaolewa, anataka sita, na bei aliyotajiwa akaipokea kwa ukelele.

“Ya salaam! Kwa mto? Basi toa hilo jina hapo chini, unipunguzie!”

“Jina ni bure, dada. Unalipia nyota.”

“Nyota zenyewe zimepinda!”

“Zimepinda macho yako, si nyota zangu. Kaa, tuzungumze.”

Mama yule akajipandisha barazani, akavua viatu kabisa, akakunja miguu na yeye. Wakabishana mpaka adhana ya adhuhuri, na hakuna kati yao aliyeonyesha haraka.