Kwa Tonton Assumani, Fundi wa Vipaza Sauti

Nilitoka Kindu kwa sababu ya kelele. Tajiri wangu, muuza vitambaa niliyemwendeshea gari, alikuwa amefunga kipaza sauti juu ya gari hilo ili atangaze mali yake sokoni. Mvua zilipoanza, kikawa kinatoa makelele matupu, watu wakatucheka. Akaniambia nikipeleke Kisangani kwa kaka wa mama yangu, fundi wa redio za magari, nami nijifunze kazi hiyo. La sivyo angetafuta dereva anayeijua. Nilikuwa na mke na watoto. Nikakitia kipaza katika gunia, nikaondoka.

Kutoka Kindu tulishuka na meli ya mto. Sisi tulikaa chini, karibu na kuni za mashine, na mvua ilitupiga ubavuni karibu njia nzima. Pale Ubundu maporomoko yanaizuia meli, hivyo tukapanda treni, msitu mweusi huku na huku. Treni inaishia ukingo wa kushoto. Mji wenyewe uko ng'ambo. Wazungu waliuita Stanleyville. Nilivuka nikiwa nimelowa, gunia kichwani.

Nilimkuta mjomba, tonton Assumani kama tulivyomwita, nyuma ya nyumba yake, ameinamia gari la mteja. Kipaza ndani ya gari kilikuwa kinapiga mluzi mkali hata majirani wameziba masikio, lakini yeye alikaza skrubu polepole, uso umetulia. Nilimwamkia mara mbili, hakugeuka. Mke wake, mama Véronique, mwanamke wa mtoni kutoka Isangi, alikuja akamgusa bega, ndipo akaniona. Baadaye mama huyo alininong'oneza kwamba masikio ya mume wake yamekwisha, na wateja hawajui bado.

Asubuhi tonton alinikalisha ndani ya gari lile, akawasha redio, akaniuliza ninasikia nini. Nilimjibu kuwa inalia vibaya. Aliiangalia midomo yangu.

“Vibaya iko neno ya bure,” akasema. “Niambie inafanya nini. Inavuma? Inakwaruza? Inapiga mluzi?”

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Mluzi, alinieleza, ni maikrofoni kukisikia kipaza chake yenyewe, isogeze mbali. Mvumo ni waya usioshika vizuri kwenye mwili wa gari. Mkwaruzo ni koni, ile karatasi inayotikisika, imepasuka, au koili, waya uliozungushwa nyuma yake, inagusa sumaku. Alifungua kipaza changu: koni ilikuwa imeoza kwa maji, na koili imeungua.

“Wati iko nguvu,” akasema. “Ampli, ile mashine inakuza sauti, inatoa, kipaza inapokea. Ukipatia kipaza kidogo nguvu mingi, inaungua.”

Omu, aliniambia, ni jinsi kipaza kinavyouzuia umeme. Ukiunga vipaza viwili ovyo, omu zinashuka na ampli inapata moto. Besi, sauti nzito, aliweza kuipata kwa kugusa koni kwa ncha za vidole. Sauti nyembamba hazikumfikia kabisa. Kwa hizo alinihitaji mimi.

Mwenye gari, mfanyabiashara wa Kigiriki, alikuja kulichukua. Redio ilitoa sauti safi, akafurahi. Kisha akapita nyuma ya tonton, akauliza kama itavumilia barabara ya Bafwasende. Tonton aliendelea kujifuta mikono. Mgiriki akarudia swali, halafu akanitazama. Niliinamisha kichwa. Mgiriki akaelewa, akashukuru kwa adabu, akaondoka. Gari la pili alilokuwa ameahidi kulileta halikuja, wala magari ya rafiki zake.

Siku ya kuondoka kwangu mama Véronique alikuwa jikoni akitwanga pondu, majani ya muhogo, na kuimba wimbo wa kanisani. Tonton alimwona midomo inacheza.

“Sauti yake iko namna gani sasa?”

Nilitaka kusema ni nzuri. Lakini alikuwa ananitazama.

“Inakwaruza, tonton. Ikipanda juu inakatika.”

“Donc, basi analia,” akasema.

Akaenda jikoni, akaketi karibu na mke wake, akaweka kiganja mgongoni mwake, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha. Niliaga kwa mkono kutoka mlangoni.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu, maana meli ilipanda mto. Kindu nilifunga koni na koili mpya alizonipa tonton, nikapunguza nguvu ya ampli, na sauti ya tajiri ikaenda sokoni bila mkwaruzo. Kazi yangu ikabaki. Baada ya msimu mmoja tukasikia kwamba tonton ameuza vyombo vyake na kuhamia Isangi kwa wakwe zake.

Koni, koili, wati na omu vimenilisha tangu hapo. Lakini siku ile jikoni ndiyo iliyonifundisha nisimpambie maneno mtu anayenitegemea nisikie kwa ajili yake. Mama yangu aliponiuliza habari za kaka yake, nilimwambia hasikii, kazi imekwisha, na hakuna fundi wa kutengeneza hilo. Alinishika mkono, akaomba nianze tena tangu mwanzo, polepole, nisiache kitu.